Futa Hiyo Hu

Julai, Mbeya. Sakitu imelala juu ya nyasi za hospitali,
Loleza haionekani,
Ambilikile mlinzi amejifunga blanketi mpaka masikioni,
na mahali penye joto kuliko pote mjini
ni kabati la chuma ndani ya chumba namba nne:
nyuzi thelathini na saba, usiku na mchana,
hata Jumapili, hata Mwanjelwa nzima ikiwa gizani.

"Zimeamkaje?" ananiuliza kila asubuhi,
kama vile nimelaza wagonjwa mle.
"Salama," namjibu, napita.

Visahani vinne. Kwa macho ni maji ya waridi tu,
sharubati iliyochujwa mno.
Chini ya hadubini ni vijiji vilivyobanana, kingo zinang'aa.
Seli shina. Zilikuwa ngozi ya mkono;
tukazirudisha nyuma, nyuma,
mpaka pale ambapo bado si kitu
na kila moja inaweza kuwa moyo, ini, jicho.

Kitabu kilinifundisha hilo: zinaweza kuwa chochote.
Hakikuniambia kwamba zina tabia.

A-3, wa binti wa Igurusi,
unamaliza chakula kabla sijamaliza chai.
B-1, wa mwalimu mstaafu wa Makambako,
unajivuta; ukiugusa vibaya, nusu yake inakufa.
C-2 na C-5 ni mimi:
mkono wa kushoto, kipande kimoja, asubuhi moja.
Kovu lipo, dogo kama punje ya ulezi.

Mama analima viazi Isyonje.
Mwaka juzi alikata kiazi kimoja katikati,
nusu akapanda mwenyewe, nusu akampa shangazi Tusubilege, Uyole.
Cha Isyonje kikazaa viazi vikavu, vya unga.
Cha Uyole, maji matupu.
"Si mbegu ile ile?" nikamuuliza.
"Ile ile nini," akasema, akitupa kilichooza,
"umekila?"

Nikaandika ripoti, kurasa kumi na moja. Sentensi ya kwanza:
*Seli shina za binadamu, zikielekezwa kuwa moyo,
hudunda siku ya nane.*
Dokta Nyalusi, asiyetumia kalamu ila penseli,
akazungushia duara herufi mbili.
"Hu. Umeitoa wapi?"
"Kwa A-3."
"Na kwa nani tena?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Futa hiyo hu."

Nilinuna njia nzima mpaka Kabwe.
Sisi tumelelewa na hu.
Haba na haba hujaza kibaba.
Mvumilivu hula mbivu.
Maji hufuata mkondo,
na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza:
mkondo upi, wa Kiwira au wa Mbarali?

Nikaanza upya, koo zote nne, dawa ile ile, saa zile zile.
A-3 siku ya nane, kama kawaida yake.
C-2 siku ya kumi.
B-1 siku ya kumi na tatu, kwenye kona moja tu,
kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo yake.
C-5, nyama yangu, pacha wa C-2,
haukudunda.
Siku ya ishirini ulikuwa umenyoosha nyuzi ndefu
zinazotafutana gizani: neva.
Niliutuma moyoni, ukaenda kichwani.

Labda unakumbuka jambo ambalo ngozi ilikuwa ikilijua.
Labda kuna kromosomu iliyojinakili kipande.
Labda ni mkono wangu, nilitetemeka kwa baridi.
Sampuli imekwenda Dar. Majibu bado.

Nimeandika tena:
*Ukoo A-3 ulidunda siku ya nane. C-2, ya kumi.
B-1, ya kumi na tatu. C-5 haukudunda.*
Sentensi fupi, kavu kama viazi vya Isyonje.
Nyalusi akasoma, akarudisha penseli mfukoni.
"Hao ni watu watatu," akasema, akatoka.

Leo asubuhi, sakitu tena.
Ambilikile akaibua pua kwenye blanketi.
"Zimeamkaje?"
Nikasimama.
"Zipi?"